Vitu tisa juu ya kaunta

Asubuhi moja ya Juni, baridi ya Lubumbashi ikiwa bado imeganda kwenye mabati, binti mmoja aliingia katika duka langu la dawa, akafungua mkoba na kupanga juu ya kaunta kila kitu anachopaka usoni. Sabuni ya kung'arisha. Krimu ya kusugulia, ina chembechembe kama mchanga. Maji ya kupangusia. Seramu ndani ya kichupa cha matone. Mafuta ya karoti. Tyubu ndogo ya dawa, imebanwa ikakunjwa mpaka shingoni. Krimu ya usiku. Faundesheni, au fond de teint kama wasemavyo wauzaji wetu wa soko la Kenya hapa mjini. Poda.

"Mama," akasema, "naamka saa kumi na moja kwa ajili ya hivi vitu, na uso bado haujatulia. Niongeze nini?"

Nilimwomba avipange upya, safari hii kwa kufuata kilichonunuliwa kwanza. Akacheka, kisha akaanza kuvisogeza kimoja kimoja, na kadiri alivyosogeza ndivyo kicheko kilivyopungua.

Sabuni ya kung'arisha ilitangulia, miaka miwili nyuma. Ikamkausha, akanunua mafuta ya karoti. Mafuta yakaziba vinyweleo, chunusi zikatoka, akanunua ya kusugulia. Kusugua kukaacha madoa meusi, jirani akampa tyubu. Tyubu ikafuta madoa ndani ya wiki mbili, naye akaipenda. Baada ya miezi kadhaa uso ukawa unawaka kila akitoka juani, ndipo ikaja krimu ya usiku. Rangi nayo haikuwa moja tena, mashavu yamepauka na vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, kwa hiyo faundesheni na poda zikaletwa kufunika. Maji na seramu alipewa na dada yake. Hivyo havikuwa na kosa wala faida kubwa. Vilivyobaki, kila kimoja kilinunuliwa kufukia shimo lililochimbwa na mwenzake.

Ndiyo maana ushauri wa "chagua vitatu vilivyo bora" haunishawishi. Ukibakiza vitatu, na kimojawapo ndicho kinachochimba, vile sita vitarudi vyenyewe kabla ya Noeli.

Tuanze na tyubu, kwa kuwa ndiyo inayoninyima usingizi. Mara nyingi ndani yake mna steroidi kama klobetasoli au betamethasoni, dawa nzuri kabisa ya ukurutu mkali daktari akikuandikia kwa muda mfupi. Huzima uvimbe, hubana mishipa midogo ya damu na kupunguza kazi ya seli zinazotengeneza rangi, ndiyo maana madoa hufifia upesi hivyo. Lakini hula unene wa ngozi pia, na klobetasoli iko katika daraja la nguvu kuliko zote. Tena uso si mkono. Vipimo vilivyofanywa Marekani katika miaka ya 1960 kwa steroidi nyepesi, haidrokotisoni, vilionyesha kwamba ngozi ya taya huipitisha takriban mara 13 kuliko ngozi ya kigasha. Anayepaka "kidogo tu" kwenye taya kila asubuhi amepaka nyingi.

Na hii usiitupe ghafla kwa hasira. Ngozi iliyozoea steroidi ikinyimwa kwa mkupuo huwaka, huvimba, hutoa vipele kuliko mwanzo, na mwenyewe huikimbilia tena akidhani ndiyo tiba. Hupunguzwa kwa hatua: dawa nyepesi zaidi, siku za kuruka, chini ya jicho la daktari wa ngozi. Aliyeitumia miaka mingi mwili mzima asijaribu peke yake kabisa, maana dawa ikiingia kwa wingi hulegeza tezi zilizo juu ya figo, zile zinazoupa mwili steroidi yake yenyewe.

Sabuni na krimu za kung'arisha, hizo ndiyo unaweza kuziacha leo. Nyingi hutegemea haidrokwinoni, inayozuia melanini isitengenezwe. Ikiwa kali na ikitumika kwa miaka hugeuka: ngozi huota weusi wa kijivu-buluu, mgumu kuondoka, ambao madaktari wa Afrika Kusini waliueleza mwaka 1975. Nchi hiyo ilipiga marufuku krimu hizo mwaka 1990. Nyingine zina zebaki, inayoharibu figo na inayoweza kumfikia mtoto anayelalia taulo au mto wa mama yake. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kusafirisha vipodozi hivyo, lakini bado vinapita mipakani. Soma maandishi madogo ya kopo: likikuonya krimu isiguse pete ya dhahabu, fedha au alumini, lirudishe. Sisi watoto wa mji wa mukuba, yaani shaba, hatuhitaji kufundishwa kwamba kinachokula metali si cha kupaka shavuni.

Kinachobaki sasa ni kidogo hata kinatia aibu kukiandikia makala. Uso uoshwe jioni kwa kitu kipole. Asubuhi maji matupu yanatosha. Ngozi ina uchachu, pH yake ni kama 5, na sabuni ya kufulia ambayo wengi wetu huogea hufika 9 au 10. Katika kipimo hicho kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo ule mkwaruzo unaousikia baada ya kunawa, unaoitwa usafi, ni mafuta ya ngozi yako yakienda na maji. Kisha paka mafuta ngozi ikiwa bado na majimaji, usingoje ikauke. Vaselini, ambayo Robert Chesebrough alipata hataza yake mwaka 1872, haileti maji yoyote; kazi yake ni kuyafungia yaliyomo. Ukiipaka juu ya ngozi kavu ya Julai umefungia ukavu. Mwenye chunusi apake losheni nyepesi usoni na kuiacha vaselini kwa miguu na viwiko.

La tatu ni jua, na hapa mji wetu una mambo yake. Tuko kwenye mita kama 1,200 juu ya bahari, na miale ya urujuani huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Februari na kuelekea mwisho wa Oktoba, na hiyo ya Oktoba hutukuta katika joto na vumbi jekundu kabla mvua haijashika. Weusi wetu ni kinga ya kweli. Idadi ya seli za rangi haitofautiani sana kati ya mweusi na mweupe. Tofauti ni ukubwa wa chembe za melanini na jinsi zinavyotawanyika. Lakini seli hizo, zikichokozwa na chunusi au kusuguliwa, humwaga rangi ovyo, na jua hukaza doa lililotoka. Mwamvuli, kofia yenye ukingo, na krimu ya jua yenye kinga ya 30 kwa anayeweza kuinunua. Kwa mwenye ualbino hiyo ni lazima.

Faundesheni sikumnyang'anya, na hilo lilimshangaza. Madoa ya ngozi nyeusi hukolezwa hata na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, ambao krimu nyingi nyeupe za jua hazizuii. Oksidi za chuma, zilezile zinazoipa faundesheni rangi ya kahawia, huuzuia kwa kiasi. Achague inayolingana na shingo yake, aitoe kila usiku kwa mafuta kidogo kabla ya kunawa, na sponji aifue kila wiki. Wanja na rangi ya mdomo ni furaha yake. Sina neno, mradi asiazimane penseli ya macho na mtu.

Aliondoka na vitu vinne, tyubu ikiwa imeandikwa tarehe za kupunguza na jina la daktari wa kumwona. Wiki ya tatu alirudi amekasirika. Taya lilikuwa jekundu, lina vipele vidogo kama mtama. "Mama, uliniambia nipunguze, sasa tazama!" Nilitazama. Tukahesabu pamoja siku alizoruka, tukakuta ameruka wiki nzima mfululizo kwa sababu ya harusi, akitaka kumaliza haraka. Tukarudi nyuma hatua moja.

Oktoba alipita tena, saa sita mchana, haraka, kununua maziwa ya mtoto wa dada yake. Vifundo vya vidole bado vyeusi. Mkono wa pili alikuwa ameshika mwamvuli wa maua, umepata vumbi mpaka kwenye mpini.