Halfa na Mkono wa Mchumaji

Wanachama wetu, sote twajua thamani ya jamvi wakati wa kuanika karafuu, na thamani ya kamba nzuri wakati wa kupanda mkarafuu. Kusini mwa Uhispania, na katika Moroko, Algeria na Tunisia, kwa karne nyingi kazi hizo zimefanywa kwa majani yaitwayo halfa. Wahispania huyaita esparto.

Halfa haitambai, huota kwa mashina, na shina moja huishi miaka mingi. Mvua ya huko huja wakati wa baridi, na kiangazi ni kikavu kabisa. Jua likizidi, jani hujikunja kama mkeka ili lisipoteze maji. Jani hilo gumu ndilo linalosokotwa. Mwaka 1857 wachimba madini walikuta vikapu na viatu vya halfa katika pango karibu na Albuñol, Uhispania. Na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba baadhi ya vikapu hivyo vina umri wa miaka 9,500 hivi. Katika miaka ya 1850 na 1860 Mwingereza Thomas Routledge akaanza kuifanyia karatasi, na halfa ikawa bidhaa ya kusafirishwa kwa meli.

Sasa tutazame uchumaji wake. Halfa haikatwi, huvutwa. Mchumaji huzungusha fungu la majani kwenye kijiti kifupi, akavuta. Majani hutoka, shina likabaki. Lakini avutaye kwa pupa hung'oa shina pamoja na mizizi, na miche mingi ya mbegu hufa kwa ukame kabla ya kushika mahali pake. Huko Algeria mbuga za halfa zilipungua sana katika karne ya 20, kwa kuchumwa kupita kiasi, kulishwa mifugo, kulimwa, na ukame.

Je, sisi tu mbali na hayo? Mchumaji wetu hulipwa kwa pishi, na mwenye kulipwa kwa pishi ana haraka. Huvunja tawi apate mashada upesi. Tawi hilo halitazaa tena, na maradhi ya kukausha mkarafuu hupata mlango palipovunjika.

Basi msimu ukifika, kila mwenye shamba asimame mwenyewe chini ya miti yake siku ya kwanza, awaonyeshe wachumaji namna ya kuchuma. Pishi la leo lisitunyime la mwakani.