"Tutawaongezea pensheni wanajeshi wastaafu": maswali ya kuuliza

1/ Kila msimu wa kampeni lazima uisikie hii: "Tutawaongezea pensheni wanajeshi wastaafu na wajane wao." Sisi huku Bamburi tunapiga makofi, maana tunaishi na wazee waliotumikia kambi ya wanamaji ya Mtongwe. Sawa, lakini tupige hesabu kwanza.

2/ Tayari pensheni za serikali Kenya huongezwa asilimia 3 kila baada ya miaka 2. Mzee anayepata 10,000 leo, miaka 10 ijayo atapata kama 11,590. Bei zikipanda asilimia 5 kwa mwaka, ambalo ndilo lengo la kawaida la serikali, bidhaa za 10,000 zitapita 16,000. Kaongezwa, na bado kaumia.

3/ Na mjane je? Kwake swali kubwa ni muda. Kwa watumishi raia, mstaafu akifariki familia kwa kawaida hulipwa miaka 5. Jeshi lina kanuni zake. Nyongeza isiyogusa muda haimsaidii mjane ambaye malipo yake yamekatika.

4/ Pesa hizo ni kodi zetu, kwa hivyo tuna haki ya kuuliza: asilimia ngapi, kila baada ya muda gani, na mjane atalipwa hadi lini? Mgombea akijibu "tutaunda kamati", jua hajapiga hesabu.