Mpigapicha wa harusi, chunguza lenzi kabla ya kumwaga mtaji

WENGI wanaoingia kwenye biashara ya kupiga picha za harusi na mahafali huweka karibu mtaji wote kwenye kamera, wakabaki na lenzi ndogo iliyokuja nayo kwenye boksi. Mteja haangalii kamera. Anaangalia picha, na picha ya ukumbini usiku hutegemea sana lenzi.

Lenzi hiyo ya boksi mara nyingi huandikwa 18-55mm, f/3.5-5.6. Namba za kwanza ni za kuvuta: kwenye 18 unapata ukoo mzima jukwaani, kwenye 55 unamleta bibi harusi karibu. Namba za f, ambazo wanunuzi wengi huziruka, zinahusu mwanga. Kadiri namba inavyopungua, ndivyo mwanga unaopita unavyoongezeka. Lenzi ya f/2.8 hupitisha mwanga mara nne ya ile iliyoishia f/5.6. Ndani ya kanisa lenye giza, hiyo ndiyo tofauti ya picha safi na picha iliyotikisika au yenye chengachenga, ambayo mteja atagoma kuilipia.

Kwa anayeanza, 17-50mm f/2.8 za Tamron au Sigma zilizotumika ni chaguo zuri kuliko kukimbilia 70-200mm f/2.8. Hii ya pili ina uzito wa takriban kilo moja na nusu na bei yake inaweza kuzidi ya kamera yenyewe. Afadhali uikodi siku ya kazi. Zile za 18-200mm zinafaa mchana, kwa mfano kupiga picha za mifugo au mazao ya kutangaza sokoni.

Angalia pia kama lenzi inaendana na kamera. Nikon D40 na D3000 hazina mota ya kurekebisha lenzi, hivyo lenzi isiyo na mota yake utaizungusha kwa mkono, jambo gumu maharusi wakiwa wanacheza. Lenzi za Canon zenye alama EF-S hazifungi kwenye Canon 5D.

Kwenye mitumba, adui ni kuvu, hasa maeneo ya pwani yenye unyevu. Mulika tochi kupitia lenzi: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, iache hata kama bei ni ya kutupa. Kisha ifunge kwenye kamera yako, weka f/2.8, piga picha palepale dukani na uikuze. Muuzaji akikataa usiijaribu, nenda duka jingine.