Vitamini Nayo Ina Kipimo

Agosti 2003, kisiwani Pemba, watafiti walisitisha kuwapa watoto chuma na asidi ya foliki. Utafiti wenyewe ulikuwa mkubwa, wa watoto zaidi ya 24,000 wenye umri wa mwezi 1 hadi miezi 35, na nia yake ilikuwa njema. Watoto wengi kisiwani walikuwa na upungufu wa damu. Chuma hujenga damu, basi wapewe chuma. Kamati ya usalama ilipozipitia takwimu ilikuta kwamba watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki walifariki au kulazwa hospitalini kwa asilimia 12 zaidi ya wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani yake. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet, na Shirika la Afya Duniani likalazimika kuutazama upya ushauri wake kuhusu chuma kwa watoto wa maeneo yenye malaria.

Pemba ya wakati ule ilikuwa na malaria kali. Vimelea vya malaria, na bakteria wengi pia, huhitaji chuma ili wazaliane kama sisi tunavyokihitaji ili tupate damu. Lakini ndani ya utafiti huohuo kulikuwa na kundi dogo la watoto waliopimwa damu na kutibiwa malaria mapema. Miongoni mwao, wale waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika. Kwa hiyo chuma kilikuwa kilekile. Kilimfaa mtoto aliyekikosa na aliyetazamwa kwa karibu, kikaleta madhara pale kilipogawiwa kwa wote bila kupima.

Nimeanza na Pemba kwa sababu kauli tunayoisikia sana sisi wafamasia ni hii: "Nipe tu vitamini, zile hazina madhara." Zina madhara, na ushahidi wake haukutoka mbali. Umetoka kwa watoto wetu na kwa mama zetu.

Somo la Dar es Salaam

Kati ya 1995 na 1997, wajawazito 1,075 wenye VVU walishiriki utafiti jijini Dar es Salaam. Waliopewa vitamini za kundi B pamoja na C na E walifaidika sana. Mimba zilizoharibika na watoto waliofia tumboni walipungua kwa asilimia 39, na watoto waliozaliwa na uzito mdogo kwa asilimia 44. Vitamini A haikuleta faida hiyo. Baadaye ikabainika kuwa, kwa wanawake hao ambao wakati ule hawakuwa na ARV, iliongeza kwa asilimia 38 uwezekano wa mtoto kuambukizwa VVU na mama yake.

Miaka kumi hivi baadaye, jijini humohumo, wagonjwa 3,418 waliokuwa wanaanza ARV waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa multivitamini ya kipimo cha kawaida, la pili likapewa kipimo kikubwa. Machi 2009 utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake. Kipimo kikubwa hakikupunguza vifo wala kuchelewesha ugonjwa, na vipimo vya damu vilionyesha kuwa maini ya wengi zaidi katika kundi hilo yalikuwa yanasumbuka.

Ukiyaweka matokeo haya pamoja na yale ya Pemba, unapata kanuni moja ya kushika: kirutubisho humfaa anayekikosa, kwa kipimo cha kuziba upungufu wake. Kuongeza juu ya hapo hakuongezi afya.

Wanaohitaji kweli

Wapo watu ambao kuwanyima virutubisho ni kuwadhulumu, nao wasiyasome haya wakatupa vidonge vyao.

Mjamzito anahitaji chuma cha mg 30 hadi 60 na asidi ya foliki ya mikrogramu 400 kila siku. Mwanamke anayepanga kupata mimba aanze asidi ya foliki mapema, kwa kuwa uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 za mwanzo, wakati wanawake wengi hata hawajajua kuwa wana mimba. Foliki inapokosekana katika siku hizo ndipo hatari ya mgongo wazi inapoongezeka. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 apate matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita: yuniti 100,000 kabla hajatimiza mwaka, na 200,000 akishatimiza. Matone hayo yamepimwa kwa umri na yana nafasi yake katika ratiba ya afya ya mtoto, kwa hiyo yasichanganywe na habari ya wajawazito wa Dar es Salaam. Mtoto anayeharisha apewe zinki pamoja na ORS, mg 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na mg 10 akiwa chini ya miezi sita. Anayetumia isoniazidi kwa ajili ya kifua kikuu hupewa vitamini B6 ili mishipa yake ya fahamu isiumie. Mwenye selimundu hupewa asidi ya foliki. Aliyetumia metformini kwa miaka mingi, na asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa, wafuatiliwe kiwango chao cha vitamini B12.

Kila mmoja wa hawa ana sababu inayojulikana, kipimo kinachojulikana, na mara nyingi muda unaojulikana.

Mtu mzima mwenye afya, anayekula maharage, dagaa, mboga za majani na matunda, hana sababu ya namna hiyo. Mwaka 2022 jopo la Marekani linalopima ushahidi wa huduma za kinga lilisema ushahidi hautoshi kupendekeza multivitamini kwa ajili ya kuzuia saratani au magonjwa ya moyo. Likaenda mbali zaidi kwa beta-karotini na vitamini E, likashauri zisitumike kwa lengo hilo. Ushauri kuhusu beta-karotini ulikuwa na historia. Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walifuatiliwa kwa miaka kadhaa, na matokeo yakatangazwa mwaka 1994. Waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Mvuta sigara anayejikinga kwa vidonge hivyo huenda anaikaribisha saratani anayoikimbia.

Soma kiasi, kisha jumlisha

Hatari kubwa majumbani huanzia kwenye kujumlisha. Mama anapewa vidonge vya kuongeza damu kliniki, dada yake anamletea dawa ya maji ya kuongeza damu, na yeye mwenyewe ananunua multivitamini ya wajawazito. Zote tatu zina chuma. Kabla ya kumeza kitu kipya, zipange chupa na pakiti zote mezani, soma kila moja, kisha jumlisha kirutubisho kimojakimoja. Ukiona kidonge kimoja kinatoa asilimia 500 au 1,000 ya mahitaji ya siku, uliza ni kwa ugonjwa gani.

Vitamini A, D, E na K huyeyuka katika mafuta, na nyingi kati yake huhifadhiwa mwilini, hivyo zikizidi hazitoki haraka. Mjamzito asizidishe yuniti 10,000 za vitamini A kwa siku, ile inayoandikwa retinol, kwa sababu ikizidi inaweza kumletea mtoto kasoro za maumbile. Maini nayo yana retinol nyingi, kwa hiyo wakati wa ujauzito yasiwe kitoweo cha kila siku. Vitamini D ikipita yuniti 4,000 kwa siku kwa muda mrefu, bila daktari kuiandika, inaweza kupandisha kalsiamu katika damu hadi figo ziumie. Dalili zake ni kiu, kutapika, kukosa choo na kuchanganyikiwa.

Vitamini zinazoyeyuka katika maji nazo zina mpaka. B6 ya kipimo kikubwa, ikitumika kwa miezi mingi, huleta ganzi na moto miguuni, dalili zilezile ambazo mgonjwa pengine aliinunua kuziponya. Vitamini C zaidi ya mg 2,000 kwa siku huharisha na inaweza kuchangia mawe ya figo. Zinki zaidi ya mg 40 kwa siku, ikiendelea kwa muda, huzuia mwili wa mtu mzima kupata shaba, na upungufu wa shaba huleta upungufu wa damu. Wengi walizoea kumeza zinki na vitamini C kila siku tangu enzi za UVIKO-19, na hawajajiuliza waache lini.

Visivyopatana na dawa

Chuma, kalsiamu, magnesi na zinki hushikana na baadhi ya dawa tumboni, na dawa hiyo isiingie vizuri kwenye damu. Mgonjwa anameza kila siku bila kukosa, lakini ugonjwa hautibiki.

Anayetumia ARV zenye dolutegraviri ameze dawa hiyo saa 2 kabla ya chuma au kalsiamu, au saa 6 baada yake. Njia nyingine ni kuvimeza pamoja, mradi iwe na chakula. Siprofloksasini, ambayo wengi huiita sipro, nayo imezwe saa 2 kabla au saa 6 baada ya madini hayo. Doksisaiklini pia haipatani na chuma. Dawa ya tezi, levothairoksini, itengane na chuma au kalsiamu kwa saa 4. Mgonjwa wa moyo anayetumia warfarini asianze multivitamini yenye vitamini K bila kumjulisha daktari, kwa sababu vitamini K hupunguza nguvu ya warfarini.

Lipo jambo jingine linalowahusu wajawazito wa maeneo yetu moja kwa moja. SP wanayopewa kliniki kukinga malaria huua vimelea kwa kuwanyima foliki. Mjamzito akimeza asidi ya foliki ya mg 5 kila siku, anawapelekea vimelea kile ambacho SP inawanyima. Kipimo cha mg 0.4 hakina shida hiyo. Kidonge cha mg 5 ni zaidi ya mara 12 ya kipimo hicho, nacho ni rahisi na kinapatikana kila duka. Kama daktari hajakuandikia kwa sababu maalumu, usikinunue kwa kuwa tu ni "foliki".

Na chai: mwenye kumeza chuma aitenge na chai na kahawa kwa saa moja au mbili. Kidonge kiende na maji, au na tunda lenye vitamini C kama chungwa au pera. Choo kikigeuka cheusi wakati wa kutumia chuma, hilo ni la kawaida.

Usitibu dalili usiyoijua

Uchovu na kizunguzungu huwapeleka wengi kununua dawa ya kuongeza damu. Lakini damu hupungua kwa sababu nyingi: minyoo, malaria, hedhi nzito, vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo. Mwanaume mzima aliyeishiwa chuma lazima atafutiwe mahali anapovuja damu, maana huenda ni uvimbe tumboni. Chuma kitampandishia damu kidogo, na kitamchelewesha kupata tiba. Mtoto mwenye selimundu ana upungufu wa damu, lakini mara nyingi chuma chake kinatosha, na akiwa ameongezewa damu mara kwa mara huwa amekizidisha. Kumpa chuma bila kumpima ni kumrundikia mzigo kwenye ini na moyo.

Dawa za maji za hamu ya kula, zinazouzwa kwa jina la vitamini kwa watoto na kwa wanaotaka kunenepa, nazo zisomwe vizuri. Baadhi yake zina siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta usingizi. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi vinaweza kupotosha majibu ya maabara, pamoja na kipimo cha tezi na kile cha mshtuko wa moyo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2017. Ukienda kupimwa, sema unavitumia.

Mbali na mikono ya watoto

Kidonge cha ferasi salfeti cha mg 200 kina chuma halisi cha mg 65 hivi. Mtoto wa kilo 10 akimeza 10 tu, amepata zaidi ya mg 60 kwa kila kilo ya uzito wake, kiwango kinachoweza kumuua. Vidonge vyenyewe mara nyingi vina rangi nzuri na ganda tamu, na vimo katika nyumba ambamo mna mjamzito na mtoto mdogo kwa pamoja. Mtoto huanza kwa kutapika na kuharisha, pengine damu. Baada ya saa kadhaa huonekana amepata nafuu, na nafuu hiyo imewahadaa wazazi na hata wahudumu. Ini na moyo huendelea kuharibika. Mkaa wa kunyonya sumu hauzuii chuma, na maziwa si tiba. Mpeleke hospitali mara moja ukiwa na pakiti, hata kama anacheza.

Maswali manne dirishani

Kabla ya kulipa, muulize mfamasia: Nimekosa nini, na kimejulikana kwa kipimo gani? Nitumie kiasi gani, nikijumlisha na ninavyotumia tayari? Niache lini? Kinapatana na dawa zangu? Na sisi tulio nyuma ya dirisha tuna wajibu wa kuyauliza maswali haya hata mteja asipoyauliza, kwa sababu tunafahamu kilichomo ndani ya chupa kuliko yeye. Swali la kwanza likikosa jibu, usinunue siku hiyo. Nenda kapime kwanza.