Meya wa Lindi Huchaguliwa Mara Mbili

Anayeutaka umeya wa Lindi hawezi kuuomba kwa wananchi. Hakuna karatasi ya kura yenye jina la mgombea umeya, na hakuna mkutano wa hadhara ambapo mtu husimama akasema, nichagueni niwe meya wenu. Njia iliyopo inaanzia kwenye udiwani. Lazima kwanza ateuliwe na chama cha siasa, kwa kuwa sheria zetu hazimtambui mgombea binafsi, kisha ashinde kata yake moja, iwe Mtanda, Rasbura au Mingoyo. Akishashinda, anangoja kikao cha kwanza cha Baraza la Madiwani, na humo wapiga kura wake ni wajumbe wenzake: madiwani wa kata, madiwani wanawake wa viti maalumu na wabunge walio wajumbe wa baraza hilo. Wote wanaenea katika ukumbi mmoja. Kilwa mambo ni yaleyale, ila kwa kuwa ni halmashauri ya wilaya, anayepatikana huitwa mwenyekiti wa halmashauri wala si meya. Wengi wanaoulalamikia mfumo huu husema dawa ni wananchi kumchagua meya moja kwa moja. Mimi naona ugonjwa uko kwingine: katika siku zile kati ya ushindi wa kata na kikao cha kwanza, mwananchi anapodhani kazi yake imekwisha, kumbe uchaguzi wa pili, ule wa mji mzima, ndio kwanza unaanza bila yeye.

Kwamba mji huu na pwani yake vinakua, sensa imeshasema. Mwaka 2012 Mkoa wa Lindi ulikuwa na watu 864,652. Mwaka 2022 walihesabiwa 1,194,028. Wilaya ya Kilwa peke yake ilitoka kwenye watu takriban laki moja na tisini elfu hadi karibu laki tatu katika miaka hiyo kumi. Manispaa ya Lindi nayo iliongezeka kwa njia mbili, kwa watu na kwa mipaka, maana kata za upande wa Mchinga zilihamishiwa kwake ilipovunjwa iliyokuwa Halmashauri ya Wilaya ya Lindi na kuundwa ya Mtama. Hapa ndipo hesabu ya umeya inapokuwa ngumu. Kila kata ina diwani mmoja na kila diwani ana kura moja, iwe kata imejaa watu au imejaa mikorosho. Diwani wa Rutamba au Milola, ambaye waliomchagua wanawaza bei ya ufuta na barabara ya kutolea mazao, ana uzito uleule wa diwani wa katikati ya mji anayesumbuliwa kwa taka, mifereji na migogoro ya viwanja. Anayeutaka umeya hana budi kuwapata wote wawili. Huwapata kwa maneno ya pembeni: wewe utapata uenyekiti wa kamati fulani, wewe tutakuona kwenye bajeti, na yule tutamfikiria kwa unaibu, nafasi ambayo hugombewa upya kila mwaka. Hakuna kosa kwa watu kuelewana hivyo, kwa kuwa siasa ya baraza lolote duniani ni ya kuelewana. Shida ni kwamba makubaliano hayo yanahusu mji mzima na wenye mji hawayajui.

Atatokea mtu wa kusema, kwani meya ana nini? Joho na mkufu tu (na joho lenyewe, kwa joto la Lindi, ni adhabu). Hoja hii ina nguvu na haifai kupuuzwa. Mkurugenzi wa Manispaa, ambaye ndiye katibu wa baraza na afisa masuuli wa fedha zote, huteuliwa na Rais, na meya hawezi kumfukuza. Barabara za mitaa ziliondoka mikononi mwa halmashauri mwaka 2017 ilipoanzishwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Maji ya mjini yana mamlaka yake, na ya vijijini yalikwenda kwa wakala wake, RUWASA, mwaka 2019. Kodi ya majengo, ambayo kwingineko duniani ndiyo mhimili wa serikali za miji, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA) mwaka 2016, na mwaka 2021 ikaanza kukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Hata posho ya mwezi ya diwani, katika halmashauri nyingi, tangu mwaka wa fedha 2021/22 hulipwa na Hazina, na sababu iliyotolewa bungeni ilikuwa kwamba madiwani walishakuwa watu wa kumbembeleza mkurugenzi awalipe. Mtu akiangalia orodha hiyo ataona kama meya hakubakiwa na kitu.

Lakini tuangalie kilichobaki. Halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji wa mji, kwa hiyo ramani ya viwanja, eneo la soko, stendi, dampo na makaburi hupita kwake. Hutunga sheria ndogo, na ndani ya sheria hizo ndimo ushuru wa samaki na wa soko unamowekwa. Hukusanya ushuru wa huduma kutoka kwenye mauzo ya makampuni, na ushuru wa mazao wa asilimia 3 kwa mazao ya biashara, ambao kwa mkoa wa korosho na ufuta si senti za kuchezea. Hutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Na meya ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Fedha na Uongozi, inayokutana kila mwezi, tofauti na baraza zima linalokutana kila robo mwaka. Mbele ya wajumbe wa kamati hiyo huwekwa kabrasha: taarifa ya mapato na matumizi, makusanyo ya mashine za POS kwa kila chanzo, madeni ya watumishi na wazabuni, hoja za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilizojibiwa na zisizojibiwa. Kabrasha likigawiwa asubuhi ya kikao, linapitishwa bila kusomwa. Meya anayeamuru ligawiwe mapema, akalisoma, akauliza kwa nini mashine fulani ya sokoni ilinyamaza wiki mbili, amefanya kazi kubwa kuliko hotuba kumi za jukwaani. Nguvu ya umeya iko katika kuendesha kikao, na uwezo huo hauonekani mtu anapoomba kura za kata yake.

Thamani ya kiti hiki waliijua wenyewe wanasiasa wa Dar es Salaam. Baada ya uchaguzi wa 2015 vyama vya upinzani vilivyoungana chini ya UKAWA vilikuwa na wajumbe wengi katika baraza la jiji, na uchaguzi wa meya uliahirishwa mara baada ya mara, watu wakibishania nani ana haki ya kupiga kura humo ndani, hadi Machi 2016 Isaya Mwita wa CHADEMA, diwani wa Vijibweni, alipochaguliwa. Januari 2020 aliondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani, kukiwa na ubishi kama theluthi mbili zilitimia. Februari 2021 jiji lenyewe likavunjwa na Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Kisa hicho kinafundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba joho lisingekuwa na maana watu wasingeligombania hivyo, na kwamba walio juu ya halmashauri wanaweza kuliondoa na kinachofunikwa nalo.

Basi si bora wananchi wamchague meya wenyewe, awe na nguvu ya umma nyuma yake? Kampala wamejaribu. Erias Lukwago alichaguliwa na wakazi wa jiji mwaka 2011 kuwa meya wao mkuu, lakini sheria iliyounda mamlaka mpya ya jiji, ya mwaka 2010, ilikuwa imekabidhi utendaji na fedha kwa mkurugenzi mtendaji anayeteuliwa na Rais. Haikutimia miaka mitatu: Novemba 2013 madiwani walipiga kura ya kumwondoa, na mvutano ukahamia mahakamani. Mombasa na kaunti nyingine za Kenya magavana huchaguliwa moja kwa moja tangu 2013, na sauti yao inasikika; ila inasikika kwa sababu Katiba ya 2010 iliwapa pia bajeti, mawaziri wao wa kaunti na watumishi. Tukileta kura ya moja kwa moja Lindi na kuacha mengine yote yalivyo, tutapata meya mwenye kura nyingi na mkurugenzi mwenye saini.

Pingamizi gumu zaidi ni la chama. Pale chama kimoja kinapochukua karibu kata zote, kama CCM ilivyofanya mwaka 2020, uchaguzi wa meya humalizwa katika vikao vya chama: ngazi za juu huchuja majina, madiwani wa chama hupiga kura zao, na baraza linabaki kuthibitisha. Ni kweli, na pwani hii inaijua tofauti, kwani mwaka 2015 majimbo yote mawili ya Kilwa yalikwenda CUF na kura ya kila diwani ilikuwa na bei. Hata hivyo, hali hiyo inazidi kuitetea hoja yangu. Kama uamuzi unafanyika ndani ya chama, basi mahali pa kumbana mgombea udiwani ni wakati wa kura za maoni na kampeni za kata, anapoomba. Aulizwe atampa nani kura ya umeya au uenyekiti wa halmashauri, na kwa sababu gani. Aulizwe kama yeye mwenyewe anautaka. Leo huulizwa kuhusu kisima na zahanati, anajibu vizuri, anapewa kura, kisha anaingia ukumbini akiwa huru kabisa katika jambo ambalo hakuna aliyemtuma.

Mambo yanayosubiri hayafai kuachiwa uhuru huo. Likong'o, ndani ya Manispaa ya Lindi, kumetengwa eneo la mtambo wa kusindika gesi asilia, na mazungumzo yake na makampuni ni ya Serikali Kuu. Ila nyumba zitakazoota kuzunguka eneo hilo, mabweni na magenge ya mama lishe, ni za manispaa kuzipanga au kuzikuta. Kilwa Masoko, Septemba 2023, Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi ya shilingi bilioni 266. Bandari ya namna hiyo huvuta malori ya barafu, madalali wa samaki, vibarua na wapangaji, na baraza la madiwani la Kilwa ndilo la kupitisha sheria ndogo ya ushuru utakaotozwa huko na kuamua mnada wa samaki ukae wapi. Vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi kisheria. Viti vya nyuma ukumbini ni vyao, wakifika.