SMIG imepanda: namna ya kujua nyongeza ya kweli iko ngapi

Mukubwa wa kazi analeta karatasi. Juu yake kumeandikwa: mushahara umepanda mara mbili. Sentineli wa depo, dereva wa kamiyo, mutu wa kuuza katika magazini, wote wanafurahi. Lakini mwisho wa mwezi, bibi wa nyumba anarudi sokoni na kikapo kile kile, na makuta yanaisha mbele ya mwezi kuisha. Je, mushahara ulipanda kweli?

Hii swali inagusa watu wengi katika Kasongo na Kabambare tangu SMIG ilibadilika. SMIG njo mushahara wa chini kabisa ambao sheria inaruhusu kwa siku moja ya kazi. Mwaka 2008 ilikuwa 1,680 FC. Mwaka 2018 ikawekwa kwa 7,075 FC. Mwezi wa tano 2025, serikali ya Premier Ministre Judith Suminwa ikatosha dekre mupya: 14,500 FC kwa siku hadi mwisho wa 2025, kisha 21,500 FC tangu mwezi wa kwanza 2026.

Kutoka 7,075 hadi 14,500 ni nyongeza ya 105 kwa mia. Hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi. Kuna hesabu ingine ine za kufanya mbele ya kutia sinyatire.

1. Hesabu ya dolari

Nguo, simu, sabuni, mafuta ya motokari, vitu vingi vinavyofika kwetu vinafuata dolari. Mwaka 2018, dolari moja ilikuwa karibu 1,600 FC. Kwa hiyo 7,075 FC ilikuwa dolari 4 na senti 40. Katikati ya 2025, dolari ilikuwa karibu 2,900 FC. Kwa hiyo 14,500 FC ilikuwa dolari 5.

Ile nyongeza ya 105 kwa mia, kwa dolari inabaki karibu 13 kwa mia: senti 60 kwa siku. Miaka saba imepita kwa kupata senti 60.

Mwisho wa 2025, franka ilipata nguvu na dolari ikashuka chini ya 2,500 FC. Mutu anayelipwa kwa franka alipata faida kwenye karatasi. Anayelipwa kwa dolari alipoteza, sababu dolari zake zikazaa franka kidogo. Lakini bei ya sokoni iko na tabia yake: dolari ikipanda, bei inapanda siku ile ile, dolari ikishuka, bei inashuka polepole, ao haishuke. Njo maana dolari peke yake haitoshi.

2. Hesabu ya kikapo

Kamata karatasi, andika vitu vya nyumba kwa mwezi: mchele, bunga ya muhogo, mafuta ya mawese, samaki, chumvi, sabuni, makala, makuta ya masomo, dawa. Andika bei ya wakati mushahara wa zamani ulianza, kisha bei ya leo.

Tuseme kikapo kilikuwa 150,000 FC na leo kinaomba 240,000. Mushahara ulikuwa 200,000 na leo wanapendekeza 260,000. Mukubwa atasema: "Tumeongeza 30 kwa mia." Ni kweli. Lakini usihesabu franka, hesabu vikapo. Zamani 200,000 zilinunua kikapo kimoja na sehemu ya tatu ya kingine (1.33). Leo 260,000 zinanunua kikapo kimoja na kidogo sana (1.08). Huyu mufanyakazi amepunguziwa mushahara karibu 19 kwa mia, hata kama karatasi inasema ameongezewa.

Ili asipoteze kitu, alipashwa kupata 320,000. Kuanzia pale njo nyongeza ya kweli inaanza.

3. Hesabu ya makuta yanayofika mukononi

SMIG ni mushahara mbele ya kukatwa. Mufanyakazi anakatwa 5 kwa mia ya CNSS, kisha kodi ya mushahara (mwaka 2025 ilikuwa IPR). Kodi hii inapanda kwa ngazi. Kwa baremu ya 2025, ilikuwa 3 kwa mia kwa franka 162,000 za kwanza za mwezi, na 15 kwa mia kwa zile zinazofuata, hadi 1,800,000.

Kwa siku 26 za kazi, 7,075 FC inafanya 183,950 kwa mwezi. Mutu asiyeandikisha bibi wala mutoto anabaki na karibu 168,000. Kwa 14,500 FC, mwezi unafanya 377,000. Kiisha CNSS na IPR anabaki na karibu 324,000. Nyongeza ya 105 kwa mia imekuwa 93 kwa mia mukononi, sababu sehemu kubwa ya mushahara mupya imeingia katika ngazi ya 15. Kuandikisha watoto na bibi kunapunguza kodi hii. Wengi hawafanye, na wanapoteza kila mwezi.

4. Hesabu ya vitu vilivyofichwa

Hapa njo watu wengi wanaanguka. Tuseme mufanyakazi alikuwa anapata mushahara 183,950, transport 60,000 na nyumba 50,000. Jumla 293,950. Kontra mupya inasema: "377,000, kila kitu ndani." Nyongeza si 105 kwa mia tena. Ni 83,050 FC, sawa na 28 kwa mia.

Tena Code du travail ya 2002 inasema wazi: transport, nyumba, matunzo ya ugonjwa na posho ya watoto haviingii katika mushahara. Kuvitia ndani ili kufikisha SMIG si kulipa SMIG.

Angalia pia hesabu ya siku. 14,500 kwa siku 26 ni 377,000, lakini kwa siku 15 ni 217,500 tu. Na kontra iliyotiwa sinyatire mwaka 2025 kwa 14,500 haiwezi kubaki pale mwaka 2026: hakuna mapatano yanayoweza kwenda chini ya sheria.

Hata marubani wa ndege wanajua somo hili. Mwezi wa kumi na moja 2022, marubani wa Kenya Airways waligoma, na moja ya madai yao makubwa ilikuwa mchango wa kampuni katika mfuko wao wa akiba ya uzee. Mushahara wa musingi si kontra yote.

Na walimu?

Walimu na watumishi wengine wa Leta hawaguswe na SMIG. Wako na baremu yao. Lakini hesabu ya kikapo ni ile ile kwao, na kwa wafanyakazi wa makampuni upande wa Salamabila pia.

Kwa hiyo, mbele ya kutia sinyatire, omba karatasi ya malipo ya zamani na ya mupya, uziweke pamoja mustari kwa mustari. Kama mustari mumoja umepotea, uliza umeenda wapi. Kama jibu halieleweke, peleka karatasi zote mbili kwa delege wa sindika ao kwa Inspection du travail, mukono ukiwa haujaandika kitu.