Kabla ya kununua kiwanja cha kanisa, tuulize kwanza kitabu cha Serikali

Katika makanisa yetu ya mashariki jambo hili limekwisha kutuumiza mara nyingi. Washirika wanachanga franga zao kidogo kidogo, wananunua kiwanja, wanajenga nyumba ya sala kwa mikono yao. Miaka inapita. Siku moja mtu anafika na karatasi, anasema, "Hapa ni kwangu." Au mchungaji aliyeandikwa kwenye karatasi anafariki, na watoto wake wanadai urithi wao. Kanisa linasimama mbele ya tribinali likiwa na mashahidi wengi, lakini halina hati.

Kwa sababu hiyo tunataka kueleza hati za viwanja zinawekwa wapi, zinaulizwa namna gani, na feza zake zinalipwa wapi.

Kitabu na nakala yake

Sheria ya mashamba ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema kwamba udongo wa nchi yetu ni mali ya Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuutumia, na kwa kiwanja ambacho Serikali imekitoa haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja: "certificat d'enregistrement". Karatasi ya kuuziana, hata ikiwa na sahihi za mashahidi na muhuri wa shefu wa kartye, inaonyesha tu kwamba mliuziana. "Fiche parcellaire" nayo haichukui nafasi ya certificat.

Certificat inaandikwa mara mbili. Moja inabaki katika kitabu cha "conservateur des titres immobiliers". Nyingine anapewa mwenye haki. Juu yake mtaona nambari ya kiwanja, pamoja na volume na folio, yaani kitabu na ukurasa wake. Deni lililowekewa kiwanja hicho kama rehani linaandikwa humo pia.

Jambo hili si geni kwa wasomaji wa Biblia. Katika Yeremia 32, nabii alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, wakati Yerusalemu ulikuwa umezingirwa na yeye mwenyewe alikuwa kifungoni. Hati zilikuwa mbili: moja iliyotiwa muhuri, na moja iliyo wazi. Baruku aliziweka katika chombo cha udongo ili zidumu. Hata wakati wa vita, imani yake haikumzuia kutunza karatasi.

Namna ya kuuliza

Mwombeni muuzaji awaonyeshe certificat yenyewe, si fotokopi tu. Andikeni nambari zake zote. Kisha mwandikieni conservateur barua, mkiomba athibitishe kwa maandishi kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani na kama kina deni au kesi. Ni vizuri muuzaji aende pamoja nanyi. Akikataa kwenda, hiyo nayo ni jibu. Barua iwe na nakala, na nakala hiyo ipigwe muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo ya mtu wa ofisini, hata akiwa mshirika wetu, hayatawasaidia siku ya kesi.

Feza za kulipa

Kazi za ofisi hiyo zina malipo, na si dhambi kulipa. Lakini bei haitungwi na mtu aliye dirishani: inawekwa kwa amri ya mawaziri wa Mashamba na wa Feza. Kwa malipo ya Serikali mnapewa "note de perception", mnalipa benki, mnarudi na uthibitisho wa malipo. Mtu akitaja bei bila karatasi, mwombeni kwa heshima aiandike. Feza inayotolewa mkononi bila risiti haiachi alama, na kesho hakuna atakayekumbuka kwamba mlilipa.

Kwa nini tusikawie

Sheria inasema kwamba miaka miwili ikiisha tangu certificat itolewe, haki iliyoandikwa humo haiwezi tena kufutwa. Aliyedhulumiwa anaweza kumshitaki aliyekosa ili alipwe fidia, lakini kiwanja hakirudi. Kwa hiyo kanisa linalosikia kwamba mtu mwingine amepata karatasi juu ya kiwanja chake lisingoje mkutano wa mwaka ujao. Liende ofisini, kisha kwa avoka.

Jina nalo ni jambo kubwa. Sheria namba 004 ya tarehe 20 Julai 2001 inahusu mashirika yasiyotafuta faida, na makanisa yamo. Kiwanja kilichonunuliwa kwa sadaka kiandikwe kwa jina la shirika lenye utu wa kisheria, si kwa jina la mchungaji, hata tukimpenda namna gani. Kufanya hivyo kunamlinda yeye pia, na wajane na yatima wake, wasigeuzwe maadui wa kanisa.

Vijijini, ambako mashamba mengi hayana certificat, kitabu cha kwanza ni majirani na wazee. Tuwaulize kabla ya kutoa feza, tuandike mipaka mbele yao, kisha tuanze njia ya ofisi.

Mwisho, kila parokia iweke nakala mahali pawili. Tumeona watu wakikimbia vita wakiacha kila kitu nyuma, na waliporudi, karatasi zilikuwa zimeungua pamoja na nyumba. Jumapili hii, wazee wa kanisa waulizane: hati yetu iko wapi, na imeandikwa jina la nani?